Nani Mwingine Aliona?

Nyabulanda, Jumapili alasiri

Mwanangu Wande,

Barua za kwetu huanza kwa kumtaka msomaji aondoe hofu na mashaka. Hata babu yako, aliyejifunza kuandika akiwa mtu mzima, hakuweza kumwomba ndugu yake jembe la kuazima kabla ya kumwandikia kwamba aondoe mashaka. Mimi sikuombi hivyo. Kaa na mashaka yako unaposoma, kwa sababu aliyeandika ni baba yako, na baba yako kuna kitu anakitaka kwako. Nitakitaja kabla ya kutia sahihi. Ukiona nimekisahau, ujue nimekificha.

Wewe na mama yako mmekwenda kwa shangazi kusuka nywele na kuaga. Kesho alfajiri utapanda basi la Shinyanga, na huko utapanda treni ya Dodoma, kama itafika kwa saa iliyoandikwa, jambo ambalo sina ushahidi nalo. Habari za sabuni, za soksi, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua behewani, mama yako amekwisha kuzisema, na atazisema tena kesho akiwa ameshika dirisha la basi. Siongezi neno. Katika mambo hayo yeye ndiye msomi wa nyumba hii.

Nataka kukueleza habari ya Ubao. Utasema unaujua, ulikua chini yake. Ni kweli, lakini kuna sehemu ya habari hiyo niliyodhani naijua peke yangu, na nimedhani hivyo kwa miaka mitano, hadi saa saba mchana wa leo.

Nilikuja kufundisha Nyabulanda na shahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, na sanduku la vitabu lililokuwa zito kuliko la nguo. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa kijana wa kubishana. Nilibishana na mkuu wa shule kuhusu kengele, na katekista kuhusu Safina, na mama yako kuhusu chumvi. Ilikuwa miaka ile magazeti mapya yalipokuwa yakichipuka kila mwezi, kila chama na gazeti lake, kila gazeti na chumvi yake, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliyameza yote bila kutafuna. "Redio imesema, mwalimu." "Imeandikwa, mwalimu." Siku moja niliwasomea kwa sauti habari ya mbuzi aliyezaa mtoto wa binadamu katika wilaya ya mbali. Darasa zima lilishusha pumzi kwa huruma. Hakuna aliyeuliza ni nani alimwona mbuzi huyo. Msichana mmoja alinyoosha mkono, nikafurahi, nikampa nafasi. Akauliza kama mtoto anaendelea vizuri.

Hapo ndipo nilipoazimia kuanzisha Ubao. Hoja yangu ilikuwa hii, na mpaka leo sijamwona wa kuivunja: mtu hajui kumtilia shaka mwandishi mpaka yeye mwenyewe awe ameandika, akaona jinsi kalamu inavyoteleza kwa urahisi kuelekea uongo. Seremala alitupa mbao za dari zilizokataliwa na mteja wake, tukazipigilia ukutani barazani, na kila mwanafunzi akapewa mahali pake, upana wa karatasi moja, jina lake juu. Pale aliandika alichotaka: bei ya pamba, ugomvi wa kisimani, mpira, malalamiko kuhusu maharage ya bweni. Kila Jumatatu alibandika ukurasa mpya. Pini hatukuwa nazo. Tulibana karatasi kwa miiba ya mgunga, na wewe ndiye uliyekuwa ukiniokotea miiba hiyo, ukinipa kumi kumi katika kifuniko cha mafuta ya kupaka. Chini ya kila ukurasa iliachwa mistari minne mitupu, ili wasomaji wajibu kwa penseli. Aliyejibu alitia jina lake. Maoni yasiyo na jina niliyafuta kwa mkono wangu.

Na juu ya mistari hiyo mwandishi alipaswa kujibu maswali yangu matatu. Nani kaniambia? Nani mwingine aliona? Msemaji anapata nini nikimwamini?

Nilijivunia maswali hayo kama watu wa huku wanavyojivunia ng'ombe. Na yalifanya kazi, Wande, sitayanyima haki yake. Baada ya muhula mmoja wanafunzi walikuwa wakibishana na redio. Watu wa mjini wakaanza kuja Jumatatu asubuhi kusoma: wakulima waliotaka bei ya pamba, wauza mitumba, wachimbaji waliokuwa wakipita kuelekea Geita. Wasiojua kusoma walisomewa. Ikawa watu wakikorofishana sokoni wanaambiana, "Twende kwenye Ubao. Ubao hauongopi."

Wa kwanza kusema maneno hayo nilikuwa mimi. Niliyasema jukwaani, siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Mtu aliyeajiriwa kufundisha shaka alisimama na tai yake shingoni akawaomba watu waamini mbao za dari. Mama yako alikuwa safu ya pili. Tulipofika nyumbani alinivua koti akasema, "Baba Wande, wewe hata uji unauuliza umetoka shamba gani. Leo umejiuliza nini?" Nilimjibu kwa hoja nne. Sikumbuki hata moja.

Baba Jeni unamkumbuka, mwenye duka la kona lenye sururu na koleo zilizoning'inia mlangoni. Aliniita Profesa. Bidhaa zake zilitoka Mwanza zikiwa zimefungwa kwa magazeti, na yeye aliyakunjua, akayanyoosha kwa kiganja, akaniwekea chini ya kaunta.

"Profesa! Shikamoo."

"Usiniamkie, Baba Jeni, wewe ni mkubwa kwangu."

"Elimu haina udogo. Chukua la Jumanne. La michezo nimewafungia watu sukari, hao hawasomi, wanalamba."

"Nikupe nini?"

"Aa, Profesa. Leo hii nikuuzie karatasi kuukuu? Soma, ututoe gizani."

Kwa miaka miwili nilisoma bure. Mtu mwenye njaa ya ugali hujijua. Mwenye njaa ya kusoma hujiona ana heshima tu. Sikuwahi hata mara moja kumwuliza Baba Jeni swali langu la tatu. Shaka yangu ilikuwa hodari kwa watoto, kwa wajane, kwa watu wanaochanganya Kiswahili na Kisukuma wanapokasirika. Ilipofika kwenye mlango wa mtu aliyeniwekea magazeti, niliivua pamoja na viatu.

Sasa nakuja kwenye Jumapili ile. Ulikuwa na miaka minane. Mama yako alikutuma maziwa kwa Bibi Kabula, yule mjane mwenye shamba la pamba kando ya josho la ng'ombe. Pamba yake ilikuwa imepasuka, imebakiza siku chache ivunwe. Mimi nilikuwa mezani na ukurasa ambao Shija angeubandika kesho yake. Shija alikuwa mwanafunzi wangu bora, msichana mtulivu mwenye mwandiko ulionyooka. Ukurasa wake ulieleza kwamba mbale, yaani jiwe ambalo dhahabu yake inaonekana kwa macho, imeonekana katika shamba lililo kando ya josho. Na alikuwa na mashahidi watatu, kwa majina yao: mhudumu wa josho, seremala wetu, na mjomba wake mwenyewe. Wote wameliona jiwe. Watatu! Nilisimama nikazunguka meza. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea watatu.

Ukaingia na kibuyu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, nimemwona Baba Jeni kwenye pamba ya bibi."

"Anafanya nini?"

"Anachimba kwa kisu. Vishimo vidogo. Anaweka mawe, anafukia."

"Nani mwingine aliona?"

"Mimi peke yangu."

"Bibi je?"

"Bibi alikuwa anakamua."

"Na ulikuwa mbali kiasi gani?"

Ulinionyesha choo cha jirani. Nikatazama choo, nikatazama karatasi ya Shija yenye majina matatu yaliyopangwa vizuri. Nikakuambia, na nayakumbuka maneno yangu kwa sababu wakati ule niliyapenda, "Mama, shahidi mmoja hana habari, ana hadithi. Mpelekee mama yako maziwa."

Hukuondoka mara moja. Ulisema, "Lakini nimeona."

Nikasema, "Kila mtu huona." Nikaendelea kusoma.

Jumatatu nilibana ukurasa wa Shija katikati ya Ubao, mahali pa heshima, kwa miiba uliyoniokotea wewe.

Yaliyofuata uliyaona, lakini acha niyapange. Jumatano watu wa rashi walikuwa wamefika. Kwetu rashi ndiyo hiyo: fununu ya dhahabu mahali, na kufumba na kufumbua watu wamehamia hapo na sururu. Walitoka Kahama, walitoka Geita, wengine walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya jirani na majembe ya nyumbani. Baadhi walifika na yale maneno midomoni, "Ubao hauongopi." Vijiwe vile vilivyofukiwa kwa kisu vilipatikana mapema, na kila kimoja kilileta kundi jipya. Pamba ikakanyagwa mpaka ikawa matope meupe. Baba Jeni aliuza sururu zote, akaagiza nyingine. Palipo na rashi, wa kwanza kuneemeka ni muuza sururu. Kila mtoto wa ukanda huu anajua hilo. Mwalimu wake ndiye hakujua.

Alhamisi Bibi Kabula alikuja nyumbani. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mwalimu, wanasema karatasi yako imesema kwangu kuna dhahabu. Nimekuja unionyeshe ilipo. Mimi nimelima pale tangu mume wangu yu hai, na jembe langu halijaigonga."

Ningeweza kumwambia pole. Nilimwambia, "Mayu, sisi hatukuandika kwamba ipo. Tuliandika kwamba imeonekana."

"Kwenu nyie wasomi hayo ni mawili? Kwetu ng'ombe akionekana, yupo. Asipokuwepo, aliyesema amemwona ameongopa. Sasa ni nani?"

"Kuna mashahidi watatu, mayu."

"Watatu wamelala shambani kwangu?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni jikoni na kile kibuyu mkononi, kikiwa kitupu. Ulinitazama. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Jioni ile niliwaendea mashahidi mmoja mmoja, jambo ambalo nilipaswa kulifanya Jumapili. Mhudumu wa josho: "Jiwe nililiona, mwalimu, kwa macho yangu haya." Uliliona wapi? "Dukani kwa Baba Jeni, kwenye kiganja chake." Seremala aliliona dukani kwa Baba Jeni. Mjomba wa Shija aliliona dukani kwa Baba Jeni, na akaongeza kwamba aliombwa asimwambie mtu, isipokuwa labda yule mpwa wake anayeandika kwa mwalimu. Mashahidi watatu, kiganja kimoja. Baba Jeni alijua kwamba mji hauamini mdomo wake. Alihitaji mdomo ambao mji umeambiwa uuamini, na mdomo huo nilikuwa nimemtengenezea mimi, kwa mbao za dari.

Nilifanya nini? Ijumaa niliuchana ukurasa wa Shija mbele ya darasa. Nilimwambia amenitia aibu. Alisimama, mikono nyuma, akasema kwa sauti ya chini sana, "Mwalimu, maswali yako yote nimeyajibu." Ilikuwa kweli. Aliyajibu yote, kwa usahihi, na mimi niliyapitisha yote. Hakubandika tena ukurasa wowote mpaka alipomaliza shule. Mahali pake palibaki na jina juu na miiba minne.

Na sahihisho sikuliandika. Nilisema nitaliandika Jumatatu. Jumatatu nikasema likitoka, watu watauacha Ubao na kurudi kwenye fununu za sokoni, kwa hiyo kwa faida ya ukweli ni heri tukae kimya. Unaona jinsi hoja ilivyo nzuri? Ningeisikia kwa mtu mwingine ningeipasua vipande. Wachimbaji waliondoka wiki ya pili bila kupata kitu. Baba Jeni alihamia Kahama bila kuaga. Mashimo yalibaki. Ng'ombe mwekundu wa Bibi Kabula, yule uliyekuwa ukimpa maganda ya viazi, alitumbukia katika moja la mashimo hayo akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Bibi akachukuliwa na mwanawe kwenda Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku, akiwa na kitanda, chungu na kuku wawili. Mimi nilikuwa darasani, nikifundisha jinsi ya kutambua propaganda.

Wewe hukuwahi kunilaumu. Uliacha tu kuniletea habari. Mwanzoni sikugundua, na hilo lenyewe linasema kitu juu yangu. Uliugua malaria siku tatu, nikajua ulipoanguka. Ulipata zawadi ya hesabu, nikaiona kwa bahati chini ya godoro. Ulipochaguliwa kuingia sekondari hii unayokwenda, nilizipata habari kwa muuza maandazi. "Hongera, mwalimu!" Hongera ya nini? Akacheka, "Baba mzima, hujui?" Nikikuuliza habari za shule unajibu, "Nzuri, baba." Ushahidi: hakuna. Maelezo: hakuna. Nilimlea mwandishi wa habari, nikampoteza kwa swali moja.

Sasa naeleza la leo, nalo ni kosa jipya, si la zamani.

Juzi nilikuona ukiingiza kitu chini ya mashuka katika sanduku lako la bati, haraka, kama mtu anayeficha. Siku mbili nimekuwa nikikitazama kile kitu kupitia bati. Nilikuwa na hakika ni barua ya mvulana. Nilikuwa nimeshamchagua hata mvulana mwenyewe, yule wa mwenye mashine ya kusaga, na nilikuwa nimeshaandaa hotuba yake. Mlipotoka leo nikachukua ufunguo chini ya mtungi, nikafungua sanduku la binti yangu kama polisi wa stendi. Sina utetezi. Mama yako hajui. Nikiyasema hayo mbele yake atasema neno moja tu, na nitalistahili.

Hakukuwa na mvulana. Kulikuwa na daftari lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limechakaa pembe. Kila ukurasa una jina lako juu. Kila ukurasa una habari moja. Na chini, kwa mwandiko unaokua kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, yapo maswali yangu matatu, na majibu yake, na mistari minne mitupu.

Sikusoma lote. Nilisoma kurasa tano nikafunga, nikafungua tena nikasoma mbili. Mwalimu wa darasa la sita aliyewachapa waliokosea na waliopatia. Mama akicheka peke yake kisimani. Shija, aliyekutana nawe njiani, akakupa miiba kumi katika karatasi akakwambia umpelekee mwalimu, nawe hukuileta. Na kila ukurasa, kila mmoja, kwenye swali la pili: "Nani mwingine aliona? Mimi peke yangu." "Mimi peke yangu." "Mimi peke yangu." Mwanangu, nilidhani umenyamaza. Kumbe uliendelea kuandika miaka yote hii, na ulichokosa ni ukuta tu.

Ukurasa wa pili unanihusu. Nauandika hapa kama ulivyo: "Leo baba amekwenda kwenye mashimo ya bibi. Amevua viatu. Amekaa chini. Amelia. Nilikuwa nyuma ya josho. Nani kaniambia? Sijaambiwa. Nani mwingine aliona? Mimi peke yangu. Anapata nini? Sijui."

Hiyo ilikuwa kesho yake baada ya bibi kuhama. Hii ndiyo sehemu niliyodhani naijua peke yangu.

Usiogope kwamba sasa nitageuka niseme shaka ni mbaya. Sijafika huko, na sitafika. Huko uendako kuna magazeti mengi zaidi, na watu wenye suti nzuri kuliko ya mgeni rasmi wetu. Hivi karibuni nimesoma katika jarida kuukuu kwamba ughaibuni wapo wanafunzi wanaoandika kurasa zao ndani ya kompyuta, na mtu wa nchi yoyote anaweza kuzisoma na kuandika maoni yake chini. Wenzangu wa ofisini walistaajabu. Mimi niliwaza Ubao usio na ukuta, usio na mwalimu wa kufuta maoni yasiyo na jina, na Baba Jeni mmoja katika kila kijiji cha dunia akiwa na jiwe kiganjani. Ubao huo utafika hata kwetu, na wewe utakuwa hai kuuona. Uliza. Ila maswali yangu yana kasoro mbili ambazo shahada haikunionyesha. Ukiletewa mashahidi watatu, uliza jiwe waliliona mkononi mwa nani. Na kabla ya kumpima msemaji, jipime wewe: ni nani anayekupa vya kusoma bure?

Kuhusu shahidi mmoja, sina kanuni ya kukupa. Nimeitafuta mchana kutwa. Najua tu kwamba angalau mara moja shahidi huyo alikuwa na miaka minane na kibuyu cha maziwa, alisema kweli, na shamba zima lingeokolewa kama ningetembea naye hatua mia tatu kwenda kutazama. Ningeweza kutembea. Viatu vilikuwa mlangoni.

Kesho, basi lako likishapotea kwenye vumbi la barabara ya Shinyanga, nitakwenda shuleni kubandika ukurasa. Mahali pa Shija bado pana miiba yake. Nitaandika habari ya josho tangu mwanzo, na jina la Bibi Kabula, na jina la aliyekosea. Nakala nitaipeleka Ushetu mwenyewe, nimsomee, kwa kuwa hasomi, na kwa kuwa anastahili kuniuliza maswali na mimi nikijibu nimesimama. Huna sababu ya kuniamini kwamba nitafanya hivyo. Nimeshaahidi Jumatatu nyingi. Mama yako atakuwepo. Mwandikie, umuulize.

Na sasa nitimize sheria ya Ubao, kwa sababu barua hii nayo ni ukurasa.

Nani kaniambia? Sijaambiwa, nilifanya mwenyewe.

Nani mwingine aliona? Wewe.

Mwandishi anapata nini ukimwamini? Anapata barua kutoka Dodoma. Ya kweli, yenye malaria ndani yake, na zawadi, na walimu wabaya, na mvulana kama yupo. Haihitaji shahidi wa pili. Hicho ndicho nilichosema mwanzoni kwamba nakitaka. Ni faida kubwa mno kwa mwandishi, kwa hiyo una haki ya kumshuku.

Daftari nimelirudisha chini ya mashuka. Nimeandika ndani yake kwa penseli, mahali pawili. Kwenye ukurasa wa mashimo, katika mistari uliyoiacha mitupu, nimeandika: "Ni kweli. Mimi pia niliona. Nilikuwepo." Kisha nikafungua ukurasa wa kwanza kabisa, wenye herufi kubwa zilizopinda, ule wa Baba Jeni na kisu na mawe. Pale sikuweza kuandika kwamba niliona. Nilikaa na penseli muda mrefu, mpaka nikasikia sauti yako na ya mama yako, mkija mkicheka njiani. Nimeandika: "Sikuwepo. Naamini."

Na chini yake nimetia jina langu lote, kama sheria inavyotaka.

Baba yako